Theluji imemwagika siku tatu mfululizo, wikiendi uende wapi? Nimemlinganishia shem machaguo yake

Shem wangu Rama anaondoka mwezi wa pili kwenda Innsbruck, Austria, wiki tatu za mafunzo ya kazini kwao, na tangu apate viza hana stori nyingine, ni theluji tu. Juzi kanitumia voisi noti saa nne usiku, mi niko hapa Tabata umeme umekatika natiririka jasho kama nimebeba saruji, ye ananambia wenyeji wake wameshamuahidi theluji ikishuka ya kutosha watampeleka mlimani, tena sio sehemu ya watalii, sehemu ambayo theluji haijakanyagwa na mtu, "yaani shem ni kama upate bichi ya Kigamboni yako peke yako". Dada yake, mama Nasra, alikuwa anasikiliza pembeni, akaniuliza hiyo theluji si ndo ile inayoporomokaga inafukia watu? Nikamwambia ndo hiyo hiyo. Basi kuanzia pale kazi ikawa yangu, kwa sababu mi ndo niliyesoma mji ule ule misimu miwili ya baridi, nikaagizwa nimwandikie kaka mtu aelewe kabla hajapanda ndege. Nimeandika, na naiweka hapa pia maana vijana wetu wanaoenda huko kusoma au kikazi ni wengi na ushauri wanaopewa Dar unaishia kwenye "nunua koti zito".

Huku kuna geti, kule hakuna

Kwenye grupu letu la kupanda milima kuna jamaa kaingilia akasema Rama keshafika Uhuru Peak, theluji anaijua. Kufika mita 5,895 ni jambo la kujivunia, sikatai, ila hapo hamna ulinganisho. Kibo ukipandia Marangu ukatokea Gilman's Point, au ukitoka Barafu kwenda Stella Point, theluji ikianguka usiku inafunika njia, mnateleza, mnapigwa baridi, lakini kinachowaangusha watu pale hasa ni urefu wa mlima wenyewe, kichwa kinagonga, mapafu yanajaa maji. Upande wa Western Breach shida ni mawe, mwezi wa kwanza 2006 yaliporomoka yakaua wapandaji watatu kutoka Marekani. Poromoko la theluji kama wanaloliogopa watu wa milima ya Alps huko Ulaya sio stori ya kila msimu huku kwetu.

Na kubwa kuliko yote, Kilimanjaro hupandi bila gaidi (yaani guide, muongoza wapandaji) mwenye leseni, unaandikishwa getini, gaidi akisema tunarudi mnarudi, utanung'unika lakini utarudi. Sasa Innsbruck unatoka katikati ya mji unapanda kitreni cha kupandisha kilima halafu kebokaa, dakika ishirini hivi uko Hafelekar zaidi ya mita 2,200 juu, na hakuna mtu wa kukuuliza unaelekea wapi. Kuna kamba na kibao cha njano, basi. Ukipita chini ya ile kamba hakuna askari wa kukukimbiza. Mtu aliyezoea kwamba mlima una mwenyewe anayeamua, kule anaweza kudhani kwa vile hajazuiwa basi pako salama. Hicho ndo kitu cha kwanza nilichotaka Rama akishike, kabla hata ya koti.

Unga wa sembe

Mama Nasra alikuwa anapata picha ya bonge la theluji linaviringika toka juu linakua kubwa kama kwenye katuni. Nikaenda naye jikoni. Nikachukua sinia, nikamwaga sembe kiasi nikaishindilia kwa kiganja, juu yake nikanyunyiza sukari tabaka jembamba, halafu nikachekecha sembe tena juu ya sukari nikaigandamiza kidogo na mgongo wa sahani. Nikaegesha simu ukingoni na ile programu ya kupima nyuzi, nikaanza kuinua sinia upande mmoja taratibu. Nyuzi 10 kimya, 20 kimya. Nilipopita 30 kidogo nikagusa juu kwa kidole kimoja tu, ufa ukapita sinia nzima kwa mlalo, na kile kipande chote cha juu kikashuka kwa mpigo kama ubao kikaishia sakafuni, sukari ikabaki juu ya sinia inameta. Mama Nasra wala hakushangazwa na fizikia, alishangazwa na unga. "Ule ulikuwa wa ugali wa usiku."

Ila ndo poromoko lenyewe lile. Theluji inashuka kwa matabaka, siku hii hivi siku ile vile, na katikati kunaweza kuwa na tabaka la chembechembe zisizoshikana, ndo sukari yetu. Juu yake linakaa bamba gumu kidogo, limelala pale linasubiri. Kidole ni wewe. Wenyewe wanaohesabu vifo wanasema karibu mara 9 kati ya 10 bamba lililomuua mtu lilikatwa na yeye mwenyewe au mwenzake waliyekuwa naye, yaani sio mlima ulioamka vibaya, ni mguu wa mtu. Na likishakatika ndani ya sekunde chache linaweza kufika kilomita 80, 100 kwa saa, hulikimbii.

Miteremko inayokatika hivyo ni ile ya kuanzia nyuzi 30 mpaka 45 hivi. Chini ya 30 ni nadra kuanza, juu sana ya 45 au 50 theluji inajimwaga yenyewe kidogo kidogo kabla haijarundikana. Bahati mbaya nyuzi 35 ndo mteremko mtamu kuliko yote kwa mtu wa skii, zile mbao za kutelezea theluji. Na upepo ndo unamaliza kazi, watu wa Alps wana msemo wao wa miaka mingi kwamba upepo ndo fundi mwashi wa maporomoko, unakomba theluji upande mmoja wa ukingo unaijenga upande wa pili, kwaiyo hata kama imeanguka sentimita 30 unaweza kukuta kwenye korongo fulani iko mita nzima. Sentimita 30 mpaka 50 kwa siku moja na upepo juu yake, hapo wenye akili zao wanaanza kuongea kwa sauti ya chini.

Geti lako ni taarifa ya saa 11 jioni

Tirol, jimbo ilipo Innsbruck, wanatoa taarifa ya hali ya maporomoko kila siku saa 11 jioni kipindi cha baridi, iko mtandaoni kwenye avalanche.report, lugha kadhaa, Kiingereza kipo, na inahusu siku inayofuata. Uswisi wana yao inatoka kwenye taasisi yao ya theluji na maporomoko, SLF, iliyoko Davos. Zote mbili zina ngazi tano: 1 kijani, 2 njano, 3 rangi ya chungwa, 4 nyekundu, 5 nyekundu iliyoiva na nyeusi.

Hapa ndo wageni wanapopigwa. Sisi tumesoma shule za kupewa alama, ukiona 3 kati ya 5 kichwani unasema ni wastani, ni C hiyo, tunasonga. Hapana bana. Ngazi hazipandi kama ngazi za ghorofa, kila moja ni mruko mkubwa kuliko uliopita, na ngazi ya 3 ndo yenye vifo vingi zaidi. Sababu yake wala sio ngumu, ikiwa 4 au 5 hali ya hewa yenyewe inatisha, barabara zimefungwa, kebokaa zimesimama, watu wanakaa ndani. Ikiwa 3, mara nyingi theluji imeacha kuanguka, jua limetoka, anga ni bluu ya kuumiza macho, kila kitu kinakwambia njoo, na bamba bado liko pale pale.

Kuna kanuni rahisi ya gaidi mmoja wa Uswisi, Werner Munter, watu wengi wanaitumia: ngazi ya 2 usiguse mteremko wa kufika nyuzi 40, ngazi ya 3 usifike 35, ngazi ya 4 usifike 30. Kwa mtu kama Rama nimeikata zaidi, kuanzia 3 kwenda juu wewe ni chini ya 30 tu, na juu ya kichwa chako pia pasiwe na mteremko mkali unaokutazama, maana poromoko halianguki kwenye nyuzi zako, linaanzia kwenye nyuzi za huko juu likukute wewe unakula sandwichi kwenye tambarare.

Sasa machaguo

Tuseme theluji imeanguka Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, Jumapili jua linawaka, taarifa inasema 3. Rama yuko huru siku nzima.

Nianze na lile la kijinga kwa sababu ndo lenye ushawishi kuliko yote: kupanda kebokaa ya resoti halafu kutoka kidogo tu nje ya kamba. Lilinganishe na kubaki ndani ya kamba uone. Kebokaa ile ile, tiketi ile ile, jua lile lile, theluji ile ile, tofauti mita kumi. Ndani ya kamba kuna watu wameamka kabla ya alfajiri, wamelipua baruti kwenye makorongo ili kinachotaka kuporomoka kiporomoke wakati hakuna mtu, wamefunga njia zenye mashaka, mashine zimeshindilia. Nje ya kamba hakuna aliyefanya chochote. Na mtu ukiwa pale huoni tofauti, kwa sababu migahawa unaiona, muziki unausikia, watoto wanapita pembeni yako. Ni kama Jangwani mvua ikinyesha, pale barabara imefungwa maji yanapita juu, na dereva anatizama maji ya upande wa kushoto yaliyotulia anajisemea haya mbona madogo. Mto ni huo huo Msimbazi. Kwangu chaguo hili halipo mezani hata kama wenyeji wamepita hapo mara mia, na hata kama kuna alama za skii za watu waliopita asubuhi, alama za mwenzako hazimaanishi bamba limekubali, zinamaanisha hakukanyaga pale penye sukari.

Ndani ya kamba ndo chaguo la pili, ila tuwe wakweli, Rama skii hajui. Kwaiyo kwake ndani ya kamba maana yake ni darasa la wanaoanza kwenye kateremko ka nyuzi saba nane, atakodi viatu vinavyobana kama vya mkopo, ataanguka siku nzima mbele ya vitoto vya miaka minne. Hatari ya poromoko hapo ni ndogo kabisa. Goti kupinduka, hiyo ipo. Gharama yake sio ndogo, kukodi vifaa na mwalimu na tiketi ukijumlisha inauma, lakini ndo hela pekee kwenye orodha hii ambayo unajua imenunua nini.

La tatu wenyeji wengi hawalitaji kwa wageni kwa sababu wanaona ni la wazee, na mi nalipenda kuliko yote: njia za kutembea za majira ya baridi na njia za sleji. Wanazisafisha kwa mashine, zina vibao, nyingi zinapita msituni zinaishia kwenye kibanda cha mlimani wanachouza supu na chai, unapanda saa moja na nusu kwa miguu unavuta sleji ya mbao, unakula, halafu unateleza nayo mpaka chini unapiga kelele kama mtoto. Huhitaji ujuzi wala kifaa cha maana. Ikilinganishwa na darasa la skii ni rahisi mno, na unaona mlima zaidi. Tahadhari mbili tu. Njia hizi nazo zinafungwa theluji ikizidi, kama juu yake kuna mteremko, kwaiyo ajifunze maneno mawili ya Kijerumani kabla hajajua hata kusalimia: Lawine, ndo poromoko, na gesperrt, imefungwa. Ukiona hayo mawili kwenye kibao kimoja geuza, usijadiliane na kibao. La pili ni kofia ngumu, sleji inavunja watu miguu kuliko wanavyokubali.

Msitu nao usiuamini kipofu kipofu. Msitu mnene, miti imebanana mpaka kupita ni shida, huo unashika theluji. Miti ikiwa imeachana kiasi kwamba mtu wa skii anapita kwa raha katikati yake, basi na poromoko linapita kwa raha.

Chaguo la nne ndo lile walilomuahidi wenyeji wake, viatu vya theluji, vile vipana kama raketi unavifunga chini ya buti usizame, unaingia zako porini. Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu hapa ndo nilipopona.

Ilikuwa msimu wangu wa pili, tuko watatu, wanafunzi wenzangu wawili na mimi, siku ya kwanza ya jua baada ya dhoruba, taarifa ilikuwa 3 na tuliisoma, tukasema sisi hatuna skii, tunatembea tu bondeni, ile ya 3 ni ya watu wa skii. Tulikuwa tunavuka kama kiwanja cha mpira, tambarare kabisa, kushoto kuna mteremko unaopanda taratibu. Nikapiga hatua nikasikia sauti chini yangu, sijui niiandikeje, vuuup, nzito, kama mtu kadondosha godoro kwenye chumba cha chini, na ardhi yote ikashuka, sentimita mbili tatu labda, lakini yote kwa pamoja, hadi pale alipokuwa mwenzangu hatua ishirini mbele, tukatazamana. Halafu ufa mwembamba ukakimbia mbele yangu kwenye theluji ukaelekea kule kushoto kwenye mteremko. Ule mteremko haukuwa mkali ndo maana naandika hapa. Tabaka dhaifu lilikuwa limevunjika chini yetu likafukuza hewa, ndo ile sauti, na mvunjiko huo unasafiri, ungeweza kwenda kukata bamba mita mia mbali juu yetu wakati sisi tumesimama kwenye tambarare. Tulirudi kwa kukanyaga nyayo zetu zile zile, mmoja mmoja, tumeachana, hakuna aliyeongea mpaka kituo cha basi.

Kwaiyo viatu vya theluji ukilinganisha na skii sio salama zaidi kwa vile tu unatembea. Kwa upande mmoja ni vibaya zaidi, mtu wa miguu anakaa muda mrefu chini ya mteremko ambao mwenye skii angeupita kwa dakika moja, na watu wa miguu mara nyingi hawabebi vifaa kwa sababu wanajiona sio "wale". Kama taarifa ni 1, au ni 2 na mnazunguka kwenye tambarare na vilima laini, sawa, ni raha isiyoelezeka, ukimya wa theluji mbichi sijawahi kuupata popote. Ikiwa 3 na dhoruba imeisha jana, na gaidi hamna, hapana.

Gaidi je? Hilo ndo la tano na ndo linalobadilisha hesabu. Gaidi wa milima mwenye beji ya kimataifa ya IFMGA, shirikisho la vyama vyao, kwa Kijerumani wanaita IVBV, huyo kasomea miaka, anachimba shimo anatazama matabaka, anachagua mteremko wa nyuzi 25 unaotazama upande ambao taarifa haijautaja, anawavusha mmoja mmoja. Mara nyingi siku ya ngazi 3 atawapeleka sehemu ambayo mwenyeji angeiona ya kitoto, na ndo unachomlipia. Hapo sasa Rama akanambia, "lakini shem jamaa zangu wamezaliwa hapo hapo." Nikamwambia kuzaliwa Kigamboni hakumfanyi mtu kuwa nahodha wa pantoni. Tena wenyeji wana ugonjwa wa kuzoea, mteremko ule wamepita miaka kumi haujafanya kitu, wanachojua ni kwamba haujafanya kitu.

La mwisho ni kusubiri, na Rama ana bahati ana wikiendi tatu. Theluji mpya mara nyingi inajishika yenyewe ndani ya siku chache, Jumapili na Jumatano mlima ule ule ni vitu viwili tofauti. Ila nisikudanganye kwamba ni suala la kuhesabu siku tu, ile sukari ikiwa imezikwa ndani inaweza kukaa wiki kadhaa bila kupona, na hilo huwezi kuliona kwa macho, taarifa inalitaja, wanaandika tabaka dhaifu la zamani. Ukisoma hivyo, wikiendi ya pili nayo ni sleji.

Vifaa, kwa kifupi

Kila anayeingia porini anabeba vitatu: transiva, kale karedio kanakorusha mawimbi mwilini muda wote ili wenzako wakutafute ukifukiwa, fimbo ndefu ya kukunja ya kuchomea theluji mita mbili na nusu hivi, na chepe la chuma, la plastiki ni mdoli. Vitatu kwa kila mtu, sio vitatu kwa kundi. Transiva bila mwenzio mwenye transiva ni pambo tu, na mwenye transiva asiye na chepe atakupata halafu akukwangue na kucha, maana theluji ikisimama baada ya kuporomoka inajikaza kama zege.

Kuna na begi la hewa, unavuta kishikio linajaa linakusaidia kubaki juu juu. Linasaidia kweli ila halizuii kupigizwa kwenye mti au jiwe. Ukilinganisha na vile vitatu, nunua vitatu kwanza.

Na usitegemee helikopta. Namba zipo, 140 ni ya uokoaji wa milimani Austria, 112 ni ya Ulaya nzima, azihifadhi kwenye simu. Lakini aliyefukiwa kabisa akitolewa ndani ya dakika kumi za mwanzo uwezekano wa kukutwa hai ni karibu 90 kwa 100, ikifika nusu saa na ushee umeshaanguka kwenye theluthi hivi, na helikopta mpaka wapige, iruke, itue, hizo dakika zimeshakwenda. Wa kukutoa ni mlioenda naye. Sasa jiulize mlioenda naye ni nani na lini mara ya mwisho kafanya mazoezi.

Asome pia bima yake ya safari kabla hajaondoka, ile karatasi ya viza. Nyingi zina kipengele cha kutohusika na michezo ya nje ya njia rasmi, na bili ya helikopta anatumiwa aliyebebwa.

Kulala mjini au bondeni

Dogo tu hili. Wenyeji walipendekeza walale vijiji vya ndani kabisa ya mabonde siku mbili. Kukiwa na utabiri wa theluji kubwa, mi ningelala Innsbruck. Sio kwamba vijiji vinafukiwa ovyo, ila barabara zinafungwa unakwama huko na Jumatatu una darasa. Na historia ipo: Galtür, kijiji cha Tirol hiyo hiyo, tarehe 23 mwezi wa pili 1999, baada ya wiki kadhaa za dhoruba poromoko lilishuka mpaka katikati ya nyumba likaua watu 31. Baadae wakajenga ukuta mkubwa. Watu walikuwa majumbani na hotelini, hawakwenda popote.

Kwaiyo Rama, kwa Jumapili ile tuliyoipigia mfano: ngazi 4 au 5, kaa mjini, makumbusho yapo, keki zao ni tamu. Ngazi 3, sleji kwenye njia iliyofunguliwa, au darasa la skii ndani ya kamba kama hela ipo. Wenyeji waking'ang'ania pori, waambie mchange mlipe gaidi, wakikataa kuchanga umeshajua thamani yako kwao. Ngazi 2 kushuka chini, viatu vya theluji na vifaa vitatu kwa kila mmoja, chini ya nyuzi 30, na hilo la nyuzi upime kwenye ramani yenye rangi za miteremko kabla ya kutoka, sio kwa jicho, jicho linadanganya.

Nilimtumia yote haya. Kakaa kimya siku nzima, tiki za bluu zimewaka, nikajua kanuna. Usiku akajibu "poa shem nimeelewa." Halafu dakika mbili baadae, "ila hiyo sleji inabeba watu wawili?"

Inabeba. Mzito anakaa nyuma.